TDI kiwandani: kabla ya kuiamini sifuri ya maabara

Sponji la godoro huumuka kwa dakika mbili hivi. Polioli (kimiminiko kizito ambacho ndicho msingi wa sponji) kilo 100, maji kilo 4, TDI (toluini diisosianeti, kemikali inayoweza kuleta pumu) karibu kilo 50, kisha vichocheo vya amaini na bati pamoja na mafuta kidogo ya silikoni. Mchanganyiko hukorogwa kwa sekunde chache, ukamwagwa ndani ya boksi lililotandikwa nailoni, na papo hapo ukaanza kupanda kama donge lililozidishiwa hamira. Kinachoumua ni kaboni dioksaidi: TDI ikikutana na maji huzaa gesi hiyo na amaini, na amaini hiyo hudaka TDI nyingine ikatengeneza yurea. Mmenyuko wote hutoa joto, na kitovu cha bonge hupita nyuzi 130 za Selsiasi. Joto hilohilo husukuma nje TDI ambayo haijapata cha kushikana nacho. Bonge likifika kimo chake, viputo hupasuka juu yake na moshi mwembamba mweupe ukafuka. Kwa macho hauna tofauti na mvuke wa sufuria ya wali. Aliyeinamia boksi kuangalia kama limejaa sawasawa huwa anavuta TDI kwa kiwango kikubwa kuliko wakati mwingine wowote wa zamu yake.

Viwanda vya namna hii viko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na miji mingine ya kanda hii. Vikubwa vina mashine ya mkanda yenye handaki la kufyonza mvuke. Vidogo humwaga boksi kwa boksi, watu wakiwa wamesimama kando. Hewa ya baadhi yake hupimwa, ripoti ikaja, na kwenye mstari wa TDI ikaandikwa "haikugundulika". Meneja hufaili, mkaguzi hupiga muhuri, na anayekohoa usiku huambiwa kikohozi chake hakihusiani na kazi.

Hoja yetu ni kwamba neno hilo, "haikugundulika", halina uzito wowote mpaka ijulikane hewa ilikamatwaje, kwa dakika ngapi, na maabara iliambiwa itafute nini. Kwa kemikali nyingine kosa la upimaji hupunguza usahihi. Kwa TDI na ndugu zake, kosa dogo la upimaji hufuta kemikali yenyewe kutoka kwenye sampuli.

Ndugu hao ni ukoo wa isosianeti. Wote wana kundi la NCO (naitrojeni, kaboni na oksijeni) kwenye molekuli, na kundi hilo ndilo lenye pupa: linadaka maji, pombe, amaini, na protini za njia ya hewa na ngozi. TDI ni ya sponji laini la magodoro na viti. MDI ni ya sponji gumu la kuta za friji, gundi na soli za viatu. HDI ni ya rangi za magari za mchanganyiko wa vikopo viwili, ile ambayo fundi huchanganya na kile kikopo kidogo cha kugumishia kabla ya kupiga. Wengi wakisikia isosianeti hukumbuka Bhopal nchini India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, maji yalipoingia kwenye tangi na tani takriban 40 za gesi zikatoka. Ile ilikuwa methili isosianeti, kemikali nyepesi inayochemka kwenye nyuzi 39. TDI huchemka nyuzi 251, kwa hiyo haiui mji mzima kwa usiku mmoja. Yenyewe huchukua kifua kimoja baada ya kingine, tena kimyakimya.

Ukimya huo una sababu mbili. Ya kwanza ni harufu. TDI ina harufu kali yenye utamu, ila pua huanza kuisikia ikiwa tayari imevuka kikomo mara nyingi. Kwenye nafasi tupu ya juu ndani ya pipa lililofungwa, kwa joto la nyuzi 25, mvuke hufika zaidi ya 10 ppm, yaani sehemu 10 kwa kila milioni. Kikomo cha dakika 15 kinachopendekezwa na shirika la wataalamu wa usafi wa viwandani la Marekani, ACGIH, ni 0.005 ppm. Fungua pipa, inama uchungulie, nawe umekutana na hewa iliyozidi kikomo hicho mara 2,000. Joto likipanda nyuzi 10 mvuke huongezeka karibu maradufu, na ghala la mabati la Februari Dar es Salaam halikai nyuzi 25.

Sababu ya pili ni mzio. Mtu anaweza kufanya kazi miezi au miaka bila dalili, huku kinga ya mwili wake ikijifunza kuitambua isosianeti kama adui. Siku mafunzo hayo yakikamilika, pumu inaanza, na tangu hapo kiasi kidogo kabisa, hata chini ya kikomo chochote cha kisheria, hutosha kumbana kifua. Mara nyingi shambulio haliji kazini. Huja saa 4 mpaka 12 baadaye, mtu akiwa kitandani. Ndiyo maana ni rahisi kikohozi hicho kudhaniwa baridi, vumbi la nyumbani, au kifua kikuu kinachohitaji makohozi yapimwe. Swali la daktari linalofichua ukweli ni jepesi: ukiwa likizo unapata nafuu?

Vikomo vyenyewe vinahitaji kueleweka, kwa sababu hewa ileile inaweza kufaulu mtihani mmoja na kuanguka mwingine. Uingereza hupima kundi la NCO kwa jumla: maikrogramu 20 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, na 70 kwa dakika 15. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaweka dari ya 0.02 ppm ya TDI, isiyopaswa kuvukwa wakati wowote. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha maikrogramu 6 za NCO kwa saa 8 na 12 kwa muda mfupi, huku ukiruhusu 10 na 20 mpaka mwisho wa mwaka 2028.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kiwanda kinamwaga maboksi 8 kwa zamu. Kila mmwago, kwa dakika 4, hewa mbele ya uso wa mfanyakazi ina maikrogramu 200 za NCO kwa mita ya ujazo. Muda mwingine wote ina 2. Dakika 32 za hewa chafu na 448 za hewa nafuu hutoa wastani wa maikrogramu 15. Kwa kikomo cha saa 8 cha Uingereza, amefaulu. Mpime kwa dakika 15 zinazobeba mmwago mmoja: dakika 4 kwa 200 na dakika 11 kwa 2, wastani 55. Amefaulu tena. Lakini maikrogramu 200 za NCO ni sawa na TDI ya 0.058 ppm, karibu mara tatu ya dari ya Marekani. Na kwa vikomo vya Ulaya ameanguka kote, hata kwa vile vya mpito.

Kwetu sisi mfano huu unatosha kuonyesha kwa nini pampu inayofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni ni njia mbovu ya kupima TDI. Kinachojenga mzio, kwa kadiri uzoefu wa viwanda na tafiti za kitabibu zinavyoelekeza, ni vilele: kumwagika kwa ndoo, kufungua bomba la pampu, kichwa cha kuchanganyia kinaposafishwa, bonge linapopasuliwa likiwa bado na joto. Wastani huvimeza vilele hivyo. Basi pima kazi badala ya zamu. Orodhesha kazi zote zinazogusa TDI, kaa na saa mkononi uone kila moja inachukua dakika ngapi, kisha chukua sampuli inayoanza kazi inapoanza na kuishia kazi inapoisha. Sampuli ya siku nzima iwepo kama nyongeza ya kumbukumbu.

Tuje kwenye ukamataji wenyewe. Toluini au benzini hukamatwa kwa mrija wa makaa: hewa hupitishwa, mvuke hujibanza kwenye makaa, mrija huzibwa, na hata ukifika maabara wiki mbili baadaye hadithi ni ileile. Isosianeti haikai hivyo. Ikitua juu ya makaa yenye unyevunyevu hugeuka yurea, nayo maabara ikitafuta TDI haiikuti. Kwa hiyo lazima kitendanishi kiwe kinaisubiri pale inapotua, kiidake kabla haijadaka kitu kingine, na kuifanya kiwanja kipya kilichotulia ambacho mashine ya kromatografia itakisoma. Njia ya wakala wa usalama kazini wa Marekani, iitwayo OSHA 42, hutumia kichujio cha nyuzi za kioo chenye kipenyo cha milimita 37, kilicholoweshwa piridili-piperazini na kukaushwa. Kaseti, yaani kibweta kinachoshika kichujio, huachwa wazi upande wake wa mbele, pampu huvuta lita 1 kwa dakika, kwa dakika 15. Njia ya Uingereza, MDHS 25, hutumia methoksifenili-piperazini, ama kwenye kichujio, ama kwenye kichupa cha kioo ambamo hewa hububujika ndani ya kimiminiko, nyuma yake kikiwa na kichujio cha akiba.

Kichujio au kichupa? Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa mvuke mtupu wa TDI, kichujio kilicholoweshwa hufanya kazi vizuri, ni chepesi, na hakina kimiminiko cha kumwagika. Kwa ukungu wa rangi au sponji la kupuliza, tone huwa lina isosianeti na polioli pamoja, na hizo mbili zinaendelea kumenyuka ndani ya tone hata baada ya kutua. Kitendanishi kiko chini, kwenye nyuzi za kioo. Isosianeti iko juu, ndani ya tone linaloganda. Tone likishaganda, sehemu ya NCO imekwisha kabla haijaguswa. Dawa yake ni kuhamisha kichujio mara moja: pampu ikizimwa tu, fungua kaseti, shika kichujio kwa koleo ndogo, kitumbukize kwenye chupa yenye kitendanishi kilichoyeyushwa kwenye kiyeyusho cha asetonitrili, funga, tikisa. Aliyefunga kaseti na kuitupa kwenye buti la gari hadi jioni ameharibu sampuli yake, ingawa maabara itampa jibu lenye desimali tatu.

Kichupa huyeyusha tone papo hapo, kwa hiyo huzuia hasara hiyo. Ila nacho kina yake. Chembe zilizo chini ya maikromita 2 hupita kwenye viputo bila kukamatwa, ndiyo maana ya kichujio cha nyuma. Toluini, ambayo ndiyo kimiminiko kilichomo, huvukiza, hasa kwenye joto letu, na kiwango kikishuka chini ya ncha ya mrija hewa haipiti tena ndani yake, kwa hiyo lazima iongezwe. Ni kioo chenye kimiminiko kinachowaka, kimening'inizwa kifuani mwa mtu anayeinama na kujinyoosha, mahali penye cheche za umeme tuli. Na kama maabara iko ng'ambo, chupa za toluini hazipandi ndege kienyeji: ni shehena hatari yenye taratibu na gharama zake. Kwa mtu wa Arusha au Kisumu anayepanga kupima, suala la usafirishaji huamua mbinu mapema kuliko kemia, na ni afadhali kuongea na maabara kabla ya kununua chochote.

Pampu ipimwe mkondo wake ikiwa na kichujio cha aina ileile, kabla na baada, papo hapo eneo la kazi. Tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli itupwe. Kupimia pampu Dar es Salaam kisha kuitumia Nairobi, juu zaidi ya mita 1,600, ni kukaribisha kosa la ujazo bila sababu. Kaseti iwe ndani ya sentimita 30 kutoka puani na mdomoni, ielekee chini, nje ya barakoa. Ikifungwa kiunoni kwa sababu mfanyakazi analalamika mrija unamsumbua, imepima hewa ya kiuno. Vichujio viwili angalau visivyopitishiwa hewa viende na vingine, vifunguliwe na kufungwa palepale, ili ijulikane kama uchafu uliingia safarini.

Kisha kuna ombi linalopelekwa maabara, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa rangi za magari. Kigumishio cha rangi ya vikopo viwili kimetengenezwa kwa HDI iliyounganishwa molekuli kadhaa kuwa mnyororo mfupi. HDI yenyewe, ile moja moja, kwa kawaida haifiki asilimia 1 ya kigumishio. Karibu NCO yote iko kwenye hiyo minyororo. Fomu ikiandikwa "HDI", maabara itatafuta HDI moja moja, itaikosa au itaona chembe tu, na itaandika kweli tupu: haikugundulika. Wakati huohuo fundi amevuta ukungu uliojaa NCO ya minyororo, nayo huleta pumu vilevile. Fomu iandikwe: NCO jumla, ya moja moja na ya minyororo.

Vifaa vya kusoma papo hapo huvutia kwa sababu havingoji maabara. Kile cha taa ya urujuanimno kinachopima mivuke ya viyeyusho hakifai hata kidogo hapa. Kitasoma thina na kuifunika isosianeti iliyo ndogo kuliko thina mara elfu. Mrija wa kubadilika rangi unaoanza kusoma kwenye 0.02 ppm ukibaki mweupe, umekuambia tu kwamba huenda hujafika mara nne ya kikomo cha ACGIH. Chombo cha utepe wa karatasi unaogeuka rangi ndicho chenye maana kwa mvuke wa TDI: huonyesha kilele kwa saa na dakika, na ukikiweka karibu na boksi unaona kwa macho mmwago gani ulikuwa mbaya na feni gani haifanyi kazi. Kwa ukungu wa rangi usikitegemee.

Kwa hiyo anayepokea ripoti aulize, kabla ya kusoma namba: kazi gani ilikuwa inafanyika dakika hizo? Kichujio kilitiwa kwenye chupa baada ya muda gani? Maabara ilitafuta molekuli moja moja au NCO jumla? Kiwango cha chini kabisa inachoweza kugundua ni kipi, na kwa lita zilizovutwa hicho ni maikrogramu ngapi kwa mita ya ujazo? Swali la mwisho huangusha ripoti nyingi. Lita 4 za hewa yenye maikrogramu 12 kwa mita ya ujazo hubeba maikrogramu 0.048 tu za NCO. Kama maabara haioni chini ya 0.1, basi "haikugundulika" yake inaficha hewa iliyozidi kikomo kipya cha Ulaya maradufu.

Tumesema mengi juu ya kupima. Kwa gereji, tunasema kinyume: kwa nyingi kati yake, kupima hewa ni kupoteza pesa. Jibu linajulikana. Fundi anayepiga rangi ya vikopo viwili bila kipumulio cha hewa ya bomba anapita kikomo. Hakuna haja ya kumfunga pampu ili kulithibitisha. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, imeeleza kwamba wapiga rangi wa magari wana hatari ya kupata pumu takriban mara 80 ya mfanyakazi wa kawaida wa nchi hiyo, na hao wana vyumba vya kupigia rangi. Pesa ya sampuli tano inunue kofia ya hewa ya bomba na vichujio vyake.

Kofia hiyo nayo ina masharti. Inahitaji si chini ya lita 170 za hewa safi kwa dakika, na hiyo ni juu ya hewa ambayo bunduki ya rangi inakula, kwa hiyo kompresa ndogo itashindwa vyote viwili pamoja. Mdomo wa kompresa unaovuta hewa uwe nje, mbali na rangi, na mbali na moshi. Gereji isiyo na umeme wa uhakika huendesha kompresa kwa injini ya petroli, na ekzosi ikiwa upande uleule wa mdomo wa kuvutia, kofia inamletea fundi kaboni monoksaidi moja kwa moja usoni. Weka mtego wa maji na mafuta, na kichujio cha makaa, kati ya tangi na kofia. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Ile ya vikopo viwili vya makaa yenye kichujio cha chembe ni bora kuliko kitambaa, lakini makaa yakijaa fundi hana namna ya kujua, maana pua haimwambii. Tungeikubali kwa kazi fupi ya brashi, si kwa kupiga gari zima.

Jambo jingine ambalo mafundi wazuri hukosea: kuinua kioo cha kofia mara tu bunduki inapozimwa, ili kuangalia klia, lile tabaka la juu linalong'aa, imelala vipi. Ukungu mwembamba hauonekani kwa mwanga wa kawaida na hubaki hewani baada ya kazi. Chumba chenye feni nzuri huchukua dakika chache kusafika. Banda lililozibwa kwa maturubai linaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Muda huo hupimika bila maabara. Jaza chumba moshi wa mashine ya kumbi za muziki, washa feni, weka taa kali upande wa pili, na uhesabu dakika mpaka moshi uishe kabisa, hata pembeni. Namba hiyo ibandikwe mlangoni, na asiinue mtu kioo kabla yake. Anayepiga rangi barabarani, kibanda cha chakula kikiwa hatua kumi kutoka hapo, hana mlango wa kubandika. Huyo asitumie rangi ya vikopo viwili mahali hapo.

Hewa hata ikiwa njema, ngozi inabaki. Isosianeti ikigusa ngozi inaweza kujenga mzio unaoishia mapafuni, na pampu ya kifuani haioni mguso huo. Kiwandani, watu husukuma bonge bichi kwa viganja vitupu kwa sababu tayari linaonekana kama sponji. Kwenye gereji, mikono huoshwa kwa thina, ambayo huondoa rangi na papo hapo kufungua njia ya kilichobaki kupenya. Glavu ziwe za nitrili, zibadilishwe zikirukiwa, si mwisho wa siku. Za mpira wa kawaida hazitoshi. Sabuni na maji vingi, au mafuta ya kupikia kisha sabuni, ndivyo vya mikono.

TDI ikimwagika, watu watoke, aliyebaki awe na kipumulio kamili. Funika kwa mchanga au unga wa mbao, mwagia mchanganyiko wa maji sehemu 90, magadi soda ya kufulia sehemu 5 hadi 10 na sabuni ya maji kidogo, ngoja dakika 15, zoa. Kilichozolewa kiingie kwenye pipa la mdomo wazi, likae nje siku tatu bila kufungwa. Likifungwa, kaboni dioksaidi inayoendelea kuzaliwa italipasua. Kwa sababu hiyohiyo pipa la TDI lililoingiwa na maji ya mvua, likavimba kifuniko, lisiguswe kwa nyundo wala spana.

Kuna kipimo kimoja kinachojumlisha njia zote, pumzi na ngozi, na hakihitaji pampu: mkojo. Isosianeti iliyoingia mwilini hutoka kama diamaini yake (kiwanja kinachopatikana makundi ya NCO yakigeuka amaini), na nyingi hutoka ndani ya saa chache. Kwa hiyo kikombe kitolewe mara tu kazi inapoisha, kabla mtu hajaenda nyumbani. Mkojo wa kesho asubuhi umechelewa. Uingereza hutumia kipimo elekezi cha maikromoli 1 ya diamaini kwa kila moli ya kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayosaidia kulinganisha mkojo mzito na mwepesi. Fundi mwenye kofia nzuri na mkojo ulio juu ya hapo ana tatizo la ngozi, la kofia isiyokaa sawa, au la kuinua kioo mapema, na jibu lake linapatikana kwa kumtazama akifanya kazi.

Pamoja na mkojo iwepo dodoso la dalili na kupuliza kwenye spirometa (kipima nguvu ya mapafu) kabla ya mtu kuanza kazi, tena baada ya wiki chache, kisha kila mwaka. Aliyekwisha kuwa na pumu tangu awali asipangwe kwenye TDI. Aliyepata mzio aondolewe kabisa kwenye isosianeti, asihamishiwe upande wa pili wa ukumbi uleule ambako mabonge mabichi hupumzishwa, maana bado yanatoa mvuke. Akitolewa mapema, wengi hupata nafuu. Anayebaki miaka akitumia dawa ya kuvuta ili amalize zamu huondoka na pumu ya kudumu.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 chini ya wakala wake wa usalama kazini, nao uitwao OSHA, na kemikali zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya ina sheria yake ya 2007 na kanuni za vitu hatari za mwaka huohuo. Lakini mfanyakazi anayedai fidia, kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi au kwa sheria ya fidia ya Kenya, hubeba mzigo wa karatasi: aligusa nini, lini, kwa kiasi gani, na kifua chake kilikuwaje kabla. Mwajiri akitoa ile ripoti ya "haikugundulika", daktari wa tathmini asiyejua habari ya vichujio ataiona ni ushahidi. Ndiyo maana kila sampuli iambatane na ukurasa mmoja unaosema jina la kazi iliyopimwa, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya mimwago, feni iliyokuwa inafanya kazi na iliyokuwa imekufa, na dakika zilizopita kabla kichujio hakijaingia kwenye chupa. Nakala ya ukurasa huo apewe na aliyevaa pampu.